Gemu za Kubofya: Simu, Miyoo au Steam Deck?

Kijana wa Rugenge, mjini Uvira, anayetamani gemu za visa za miaka ya 1990, zile za kubofya mlango, kuokota ufunguo na kuhoji wahusika, asikimbilie kununua mashine. Gemu hizi hazitaki mbio za vidole. Zinataka kuelekeza mshale mahali sahihi na kufikiri, kwa hiyo kila kifaa tukipime kwa hilo, kwa bei yake na kwa umeme kinaoula.

Simu ya Android. Ukiwa nayo tayari, gharama ni kifurushi cha intaneti tu. ScummVM, programu ya kuendeshea gemu hizi iliyoanza mwaka 2001, ni ya bure. Beneath a Steel Sky (1994) na Flight of the Amazon Queen (1995) nazo hutolewa bure kwa idhini ya wenyewe, na zote zinachezeka kwa Kifaransa, faida kubwa kwa aliyesomea Uvira, kwenye shule za Kifaransa. Mmoja akishapakua, wenzake watapata mafaili kwa Bluetooth. Kidole kikificha kitu kidogo, badili mpangilio ili kidole kisukume mshale kikiwa pembeni. Kasoro ni moja, lakini nzito: gemu inakula chaji ile ile ya kupiga simu na kutuma pesa.

Miyoo Mini Plus. Ni mashine ndogo ya gemu ya mkononi. Huuzwa karibu dola 60, kabla ya usafiri na ushuru. Kioo chake cha inchi 3.5 kina nukta 640 kwa 480, zinazotosha kuikuza picha ya 320 kwa 200 mara mbili kamili, hivyo michoro ya zamani inakaa safi. Betri yake ya mAh 3000 inaiacha simu ipumzike. Lakini haina kijiti cha kuelekezea wala kioo cha kugusa. Mshale unausukuma kwa vitufe, na hilo linachosha.

Anbernic RG35XX H. Bei inakaribiana na ya Miyoo, ila hii ina vijiti viwili na betri ya mAh 3300. Kwa gemu za kubofya, inaishinda Miyoo waziwazi. Kwa yoyote kati ya hizo mbili, tenga pesa za kadi nzuri ya kumbukumbu, maana zile zinazokuja na kifaa mara nyingi huharibika mapema.

Steam Deck. Hii ni kompyuta ya gemu ya mkononi, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 399 kwa toleo la chini. Ina kioo cha kugusa na pedi mbili za kusukumia mshale; hakuna inayouelekeza vizuri zaidi. Ila betri ya toleo hilo ni ya Wh 40, na ya Miyoo ni kama 11. Nyumba inayotegemea paneli ndogo ya jua itaihisi tofauti hiyo kila jioni.

Uamuzi wangu: anza na simu, umalize gemu moja ya bure. Ukiona bado una hamu, na chaji ya simu ndiyo inayokukwaza, nunua RG35XX H. Miyoo mwachie mpenzi wa gemu za kuruka na kupigana. Steam Deck ni ya mwenye umeme wa uhakika na kazi nyingine ya kuipa. Dola 60 ni pesa nyingi. Zisitoke mfukoni kabla hujajua kama gemu hizi unazipenda.