Beki Hutambuliwa kwa Msimu

Juni 2019, timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ikiwa kambini Marcoussis, karibu na Paris, beki wa kati Brian Mandela aliumia goti mazoezini na safari yake ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri ikaishia pale. Pengo lake likazibwa na Joseph Okumu, kijana wa miaka 22 ambaye mashabiki wengi wa Kenya walikuwa hawajawahi kumwona akicheza. Kenya ilitolewa katika hatua ya makundi, lakini kabla Agosti haijaisha Okumu alikuwa amesaini na Elfsborg ya Sweden. Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, na mwaka 2023 Reims ya Ufaransa.

Wengi husimulia habari hii kama bahati. Mimi naisoma vingine. Kabla ya Misri, Okumu alikuwa amepitia Chemelil Sugar, Free State Stars ya Afrika Kusini na Real Monarchs ya Marekani, akicheza mechi ambazo huku kwetu karibu hakuna aliyezitazama. Mlango ulipofunguka, kazi alikuwa anaijua tayari. Bahati ilimpa nafasi tu. Kilichomfanya abaki uwanjani ni zile mechi zisizo na watazamaji.

Mechi za namna hiyo ndizo anazokosa kijana wa Liboi. Mji huu wa Kaunti ya Garissa uko karibu kilomita 15 kutoka mpaka wa Somalia. Ukitaka kwenda kucheza Garissa mjini, unapita Dadaab kwanza, kisha unaongeza kilomita 100 hivi, na kipande cha Liboi hadi Dadaab kimewahi kutegwa mabomu mara nyingi kiasi kwamba timu haiwezi kusema tu, "Jumamosi tuna mechi ya ugenini," ikapanda gari ikaondoka. Vijana wanacheza, tena kwa bidii, jua likishapungua makali. Wanachokosa ni ratiba. Soka yao kubwa ni ya mashindano ya siku chache, yanayokuja na kuondoka.

Kwa straika, mashindano hayo yana faida. Akifunga mabao matatu wikendi moja, jina lake linasafiri. Timu ya Berlin FC ya Garissa imewahi kuiwakilisha Kaskazini Mashariki katika mashindano ya vijana ya Chapa Dimba, na jukwaa la aina hiyo humfaa sana mshambuliaji. Beki hali yake ni tofauti. Akiifanya kazi yake barabara, hakuna kinachotokea: pasi hatari haikupigwa, winga amerudi nyuma, kipa hakuguswa. Video fupi ya simu haiwezi kuonyesha bao ambalo halikufungwa.

Siku moja mwache aliye na mpira, umtazame beki wa kati mzuri wakati mpira uko mbali naye. Shingo haitulii; kila baada ya sekunde chache anaangalia nyuma ya bega kujua straika amehamia wapi. Hasimami akiuelekea mpira kwa kifua kizima, bali anakaa upande, mguu mmoja mbele, ili aweze kurudi mbio au kusogea mbele bila kupoteza hatua ya kugeuka. Mshambuliaji akimjia na mpira, hakurupuki. Anarudi nyuma taratibu, anamsukumia pembeni, anamchelewesha hadi wenzake wafike. Mwenzake akitoka kwenda kuukabili mpira, yeye anashuka kidogo kumfunika. Mstari ukipanda kumtega straika kwenye ofsaidi, wote wanne wanapanda, kwa sababu mmoja akibaki, mtego umekufa. Ule ukabaji unaoshangiliwa, wa kuteleza na kuupiga mpira nje, mara nyingi ni dalili kwamba alichelewa kusoma mchezo sekunde tano zilizopita.

Mambo haya hayafundishiki kwa maneno peke yake. Yanahitaji mwenzi yule yule pembeni yako wiki baada ya wiki, na washambuliaji wasiofanana: leo mwenye mbio, wiki ijayo mwenye nguvu, baadaye mjanja asiyekimbia kabisa. Pia yanahitaji uwanja wenye vipimo kamili, maana umbali kati ya beki na beki ndio nusu ya somo. Kwa hiyo nikiulizwa Liboi na Dadaab wapewe nini kwanza, kombe au ligi, najibu ligi, hata ikiwa ya timu sita, mradi wakutane nyumbani na ugenini na matokeo yaandikwe.

Jambo moja linampendelea beki: umri. Joash Onyango alijiunga na Simba akitokea Gor Mahia mwaka 2020, akiwa na miaka 27. Katika msimu wake huo wa kwanza, akicheza pamoja na Pascal Wawa aliyekuwa ameshapita miaka 30, Simba iliongoza kundi lililokuwa na Al Ahly na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mreno Pepe alicheza Euro 2024 akiwa na miaka 41. Mbio hupungua, lakini macho ya beki huendelea kukua. Kijana wa miaka 19 anayeambiwa muda umempita, kama ni beki, anadanganywa.

Kinachomponza zaidi ni karatasi. Klabu ya nje haiwezi kumsajili mchezaji wa kigeni kabla hajafika miaka 18, isipokuwa kwa hali chache ambazo FIFA imeziruhusu. Akifika umri huo anahitaji pasipoti, na pasipoti inahitaji kitambulisho. Katika Garissa, maelfu ya Wakenya walinyimwa vitambulisho kwa sababu wakati wa ukame familia zao zilijiandikisha kambini Dadaab ili zipate chakula, na alama za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi. Wengine walikwama katika uchunguzi wa ziada uliowekewa wakazi wa kaunti za mpakani, ambao Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir Februari 2025 kwamba umefutwa. Kwa mwanasoka, miaka mitatu ya kusubiri kadi ni misimu mitatu.

Linganisha na Thomas Deng. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997 katika familia ya Sudan Kusini, akapelekwa Adelaide akiwa mtoto. Oktoba 2018 aliichezea Australia kwa mara ya kwanza dhidi ya Kuwait, mechi ile ile iliyokuwa ya kwanza pia kwa rafiki yake wa utotoni Awer Mabil, mzaliwa wa kambi ya Kakuma. Baadaye Deng, ambaye ni beki, akawa nahodha wa timu ya Australia katika Olimpiki ya Tokyo. Naamini kipaji kama chake kipo pia katika kambi za Dadaab kama Ifo na Hagadera, na pale Liboi. Tofauti ni kwamba huko Adelaide kipaji cha Deng kilikuta klabu, ligi ya vijana na jina lililoandikwa.

Na jina likiandikwa mapema, kijiji nacho kinafaidika. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu hadi miaka 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16. Beki akiuzwa kwa euro milioni 1, klabu iliyokuwa naye tangu miaka 12 hadi 15 inastahili euro 10,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Pesa hizo zinatosha magoli, mipira na nauli za misimu kadhaa. Lakini klabu lazima iwe mwanachama wa shirikisho, na usajili wa mchezaji uwe kwenye kumbukumbu zake kwa kila msimu. Kocha anayewaita vijana uwanjani jioni hii pale Liboi aanze na hilo: tarehe ya kuzaliwa, jina kama lilivyo kwenye cheti, na fomu ipelekwe Garissa kabla dirisha la usajili halijafungwa.