Manjanja ya depo: rangi ya kwanza ndiyo inashika ya pili



Katika ziara zetu tumeona jambo moja mara nyingi. Kamati inachanga feza, inapaka depo rangi nzuri, na kisha mvua ya msimu mmoja rangi inabanduka kama ganda la ndizi. Watu wanasema: « Rangi ile ilikuwa mbaya. » Lakini mara nyingi kosa iko chini yake: hawakuweka rangi ya msingi inayofaa. Na manjanja yakipata kutu yanatoboka, maji yanaingia, mahindi na kahawa yanaota kuvu. Hapo ni mavuno yenu inapotea.

Manjanja mapya. Yamefunikwa na zinki, ni laini, na mara nyingi yako na mafuta kidogo ya kiwanda. Rangi ya mafuta ikigusa zinki moja kwa moja, inageuka polepole kuwa kitu kama sabuni, halafu inaachia. Basi muyaoshe kwa maji na sabuni, muyapanguse na siki, musuuze vizuri, muache yakauke. Kisha mupake rangi ya msingi ambayo kopo yake imeandikwa kwamba ni ya manjanja ya zinki.

Manjanja yenye kutu. Musugue na brosi ya waya mpaka kutu inayobanduka iishe, mupanguse vumbi, kisha mupake rangi ya kuzuia kutu siku ile ile. Mukingoja, kutu itarudi. Muepuke ile rangi nyekundu ya zamani yenye risasi ndani (miniumu): ni sumu, zaidi kwa watoto. Na kama rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, musiikwangue ikiwa kavu, muilowanishe kwanza.

Ukuta mpya wa simenti. Mungoje karibu siku 28. Simenti mbichi iko na chokaa kali inayokula rangi ya mafuta. Mubandike kipande cha plastiki ukutani, mufunge kingo zote, mukiache usiku mmoja. Kama asubuhi kuna maji ndani, ukuta bado.

Mbao zenye moshi. Moshi unapenya rangi ya maji na kuacha madoa. Muoshe kwanza, kisha muweke msingi wa mafuta.

Mbele ya kununua ndoo nzima, mujaribu kwanza mahali padogo. Rangi ikisha kukauka kabisa, mukate alama ya X kwa wembe, mubandike skoci juu, muivute kwa nguvu. Rangi ikitoka na skoci, musiendelee: murudilie kuosha, ao mubadilishe msingi.

Mwisho: mutoe magunia yote mbele ya kupaka, mufungue madirisha, na musirudishe mavuno mpaka harufu iishe.

Kopo moja ya msingi inaongeza gharama, ni kweli. Lakini kupaka mara mbili ndiko kunakula kasha ya koperative.