Mtazame buibui kabla ya kumuua

WAKAZI wengi wa mijini wamwonapo buibui ukutani, hukimbilia kutafuta kiatu au kopo la dawa ya kupuliza. Hata hivyo, wapo wanaotumia saa zao za mapumziko kuwatazama wadudu na buibui, kuwapiga picha na kuandika mienendo yao. Burudani hiyo haina gharama kubwa, na manufaa yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa.

Ingawa katika mazungumzo ya kawaida buibui huitwa mdudu, wataalamu humweka katika kundi tofauti. Mdudu ana miguu sita na mwili wenye sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane, mwili wenye sehemu mbili, na hana mabawa.

Aidha, si kila buibui hutega mawindo kwa utando. Wale warukao, ambao wana zaidi ya spishi 6,000 duniani, huwinda kwa macho. Humnyatia windo kama paka, kisha humrukia ghafla.

Mmoja wao, Evarcha culicivora, anaishi katika maeneo ya Ziwa Victoria nchini Kenya na Uganda, na mara nyingi huonekana kwenye kuta za nyumba. Urefu wake ni takriban milimita tano tu. Spishi hiyo ilitambulishwa rasmi kisayansi mwaka wa 2003.

Mwaka wa 2005, utafiti wa Robert Jackson na wenzake ulionyesha kuwa buibui huyo hupendelea kumla mbu jike aliyeshiba damu. Kwa kuwa hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu au mnyama, yeye huipata damu kupitia kwa mbu.

Watoto wa buibui huyo hupendelea mbu aina ya Anopheles, waenezao malaria, na huwatambua kwa namna wanavyotua. Anopheles huinua tumbo lake juu, ilhali mbu wa aina ya Culex hulaza mwili sambamba na ukuta. Tofauti hiyo hata mtu anaweza kuiona kwa macho yake akitazama kwa makini.

Hii haina maana kwamba buibui anaweza kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa. Lakini anayepulizia dawa kila kona ya nyumba huenda akawaangamiza pia viumbe wanaokula mbu.

Anayetaka kuanza anahitaji tochi, kioo cha kukuzia, daftari na, ikiwezekana, simu yenye kamera. Jioni, karibu na taa ya nje, ndio wakati mzuri, kwani wadudu wengi huvutwa na mwanga na buibui huwafuata. Aandike tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na chakula alichokuwa akila kiumbe huyo. Baada ya miezi kadhaa, daftari hilo litamwonyesha ni wadudu gani huja na mvua na ni wepi huonekana wakati wa kiangazi.

Tahadhari ni muhimu. Asishike kiumbe asiyemjua, kwa kuwa nge na tandu wana sumu, na watoto wasiachwe peke yao. Jiwe lililoinuliwa lirudishwe lilivyokuwa, kwani chini yake ni makao ya viumbe wengine.