Kuinua motokari: angalieni kwanza ponti

Mvua zikianza tunapata ulizo lile lile: pick-up yetu inakwaruza chini kwenye matope, tuweke resori ndefu?

Mara nyingi tunajibu hapana. Kwa Land Cruiser 79, ponti, ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu, haipandi pamoja na bodi. Ukiinua resori, tumbo la ponti linabaki pale pale, na ndilo linalokwama katikati ya njia. Mipira mikubwa ndiyo inaliinua, lakini nayo inachosha ambreyaji na kuvunja vyuma vinavyozungusha magurudumu.

Kardani nayo inainama zaidi. Viungo vyake vinatetemeka, vinalika mbio. Kwa Hilux shida iko mbele pia: viungo vya magurudumu vinapinda sana, raba inayovifunika inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Halafu motokari ndefu yenye magunia juu inapinduka upesi. Na ikilala porini siku tatu na viazi ndani, nani atalipa?

Tunaona kwamba mara nyingi ugonjwa ni resori zilizochoka kwa kubebeshwa kupita kipimo. Wekeni mpya za urefu ule ule wa kiwanda, mpunguze magunia. Itakuwa bei ndogo.

Mukivuka mto wenye maji marefu, fundi afungue ponti na kuangalia mafuta. Yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia: yamwagwe siku hiyo hiyo.