Santuri za roki ndani ya Ganze: kabla hujauza sanduku, soma lebo

Mnunuzi wa vyuma chakavu twamjua, na wa betri kuukuu twamjua pia. Siku hizi yuko na anayeuliza santuri. Mimi mwaka huu nimeulizwa mara mbili hapa Ganze, na mara zote mbili mtu mwenyewe hakutaka kujua ni muziki wa nani wala wa mwaka gani. Alizihesabu kama mtu anayehesabu nazi, akataja bei moja kwa kila sahani, akataka sanduku zima. Mtu wa namna hiyo ama hajui anachonunua, ama anajua sana. Kwa vyovyote, mwenye hasara ni wewe.

Sanduku langu lina santuri 131. Ziliachwa na marehemu ami yangu, aliyefanya kazi katika hoteli ya watalii Malindi kuanzia miaka ya 1970. Zaidi ya nusu ni roki, na chini yake kuna fungu la muziki uitwao panki. Nimezitoa zote mwezi uliopita, moja baada ya nyingine, nikazisikiliza na kuziandikia orodha. Wako watakaouliza roki ilifikaje Ganze, mahali ambapo nyumba nyingi zilikuwa bado hazijaona nguzo ya stima. Jibu ni kwamba haikuja na stima. Ilikuja na watu, ikapigwa kwa mawe.

Malindi ya wakati ule ilikuwa imejaa wageni. Wataliano walishaanza kuja kwa ajili ya mradi wa San Marco kule Ngomeni, ambako mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, na Desemba 1970 ikarushwa nyingine iliyopewa jina Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa tarehe 12. Wajerumani na Waingereza wakafuata kwa ajili ya jua. Mgeni anayekaa miezi huja na vitu vyake, na akiondoka hataki kubeba mzigo. Santuri thelathini ni kilo tano au zaidi. Zikaachwa kwa mpishi, kwa mtunza bustani, kwa mhudumu. Ami alikuwa na kinanda kidogo cha Philips cha kutumia mawe ya tochi, na mawe yakianza kuisha mwimbaji alikuwa akilegea sauti mpaka anakuwa kama mlevi wa mnazi. Sisi watoto tulidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Sahani ya kwanza niliyoitoa ni ya Queen, "A Night at the Opera" ya mwaka 1975. Mwimbaji wake alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, akasomea shule ya bweni India, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964. Dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Ndani ya sahani hiyo upo wimbo wa karibu dakika sita wenye neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuoni hulitamka kabla ya kula. Ami hakuwahi kuambiwa kwamba huyu ni mtu wa pwani. Lebo haisemi.

Halafu panki. Muziki huu ulianza New York na London katikati ya miaka ya 1970, kwa vijana waliochoshwa na roki ya magwiji, ile yenye gitaa la dakika kumi na jukwaa la moshi. Wao wakasema: chodi tatu zatosha, nyimbo ziwe za dakika mbili au tatu, na asiyejua kupiga apige hivyo hivyo. Katika fungu la ami yumo Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, binti wa London ambaye baba yake alikuwa Msomali, na sahani yao ya 1978, "Germfree Adolescents". Imo pia "London Calling" ya The Clash, iliyotoka Desemba 1979. Jalada lake lina picha ya mpiga besi akilivunja gitaa lake jukwaani. Ami alikuwa akiitazama picha hiyo kwa uchungu wa kweli. Huku kwetu gitaa moja lilikuwa likipigwa na vijana watano kwa zamu.

Mimi binafsi panki nyingi naiona kelele, isipokuwa huyo binti wa Msomali. Lakini historia yake ina jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Mwishoni mwa 1976, vijana wanne wa mji wa Manchester waitwao Buzzcocks walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja, na Januari 1977 wakajitolea wenyewe sahani ndogo, "Spiral Scratch". Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Waandishi wa muziki wa Uingereza mpaka leo huitaja kama ushujaa, kwamba wimbo uliweza kutoka bila kuomba ruhusa ya kampuni kubwa.

Sasa njoo Mombasa. Duka la Assanand and Sons lilikuwa na lebo yake, Mzuri, iliyotoa sahani za waimbaji wa taarabu wa pwani hii kwa wateja wa pwani hii. Hakukuwa na soko la dunia, wala gazeti la London la kusifu. Ni jambo lile lile: mtaji mdogo, nakala za kuhesabika, wasikilizaji wanaojuana. Tofauti imekuja baadaye. Ile "Spiral Scratch" imechapishwa upya zaidi ya mara moja, imeandikiwa vitabu, na ukiitaka leo utaipata. Sahani nyingi ndogo za Mombasa hazikuchapishwa tena. Kampuni zikafungwa au zikaacha biashara, kaseti zikaja na wezi wake wa kunakili, na mwisho wa miaka ya 1980 santuri Kenya ikawa imekufa. Pale ambapo kanda ya studio imepotea, sahani iliyobaki chini ya kitanda cha mtu ndiyo asili yenyewe.

Hapo ndipo mnunuzi wa sanduku zima anapokushinda. Katika sahani 131 za ami, zile kubwa za roki zenye majalada ya kung'aa ndizo zinazoonekana za thamani. Kumbe ndizo za kawaida. Zilichapishwa kwa mamia ya maelfu, nyingine mamilioni, na bado zinachapishwa, kwa sababu santuri imefufuka ng'ambo: mwaka 2022 Marekani waliuza santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Ukiuza "London Calling" yako leo, kesho waweza kununua nyingine. Katikati yake, bila majalada, zikiwa zimefungwa kwa gazeti, nilikuta sahani ndogo 22 za Kenya. Taarabu, chakacha, na bendi za hotelini. Hizo ndizo mnunuzi alizozipitisha haraka vidoleni kana kwamba ni takataka, kisha akazihesabu kwa bei ile ile.

Mfano wa Zambia unafundisha. Miaka ya 1970 vijana wa huko walipiga roki yao, siku hizi ikiitwa Zamrock: WITCH, Amanaz, na Musi-O-Tunya ambao walikaa Nairobi na kurekodi huko. Kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Leo nakala halisi za baadhi ya sahani hizo huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 moja. Fedha hizo haziendi kwa aliyeuza sanduku kwa bei ya jumla.

Na tusidhani pwani yetu ilikuwa ikisikiliza tu. Them Mushrooms walitoka Kaloleni, hapa hapa Kilifi, ndugu wa familia moja waliokuwa wakiwapigia watalii hotelini. "Jambo Bwana" yao ya mwanzo wa miaka ya 1980 ilienda mpaka Boney M wa Ujerumani wakatoa toleo lao mwaka 1983. Hiyo haitapotea. Zitakazopotea ni zile za majirani wao ambao hawakubahatika kuimbwa na Wazungu.

Kwa hiyo kabla ya kuuza, soma karatasi ya katikati. Inakupa jina la kampuni, namba ya sahani, jina la mwimbaji, mara nyingi na jina la mtunzi, na nchi ilikochapishwa. Kisha igeuze sahani kwenye mwanga: katika ile nafasi laini kati ya wimbo wa mwisho na karatasi, kuna namba iliyokwaruzwa. Hiyo ni ya kiwandani, na hubaki hata karatasi ikiliwa na mchwa. Iandike. Tenga sahani zote zilizochapishwa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Zilizobaki uza ukipenda, mimi sina ugomvi nazo.

Adui mkubwa Ganze ni joto. Santuri ni plastiki ya PVC, jamaa ya mabomba ya maji, na plastiki hiyo hulegea ikipita nyuzi 60 hivi. Lakini haihitaji kufika huko. Ukizilaza moja juu ya nyingine chini ya mabati, joto la mchana na uzito wa zile za juu vitazipinda za chini polepole, na iliyopinda hurusha sindano. Zisimamishe wima kama vitabu, zibanane kiasi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Nyumba ya udongo yenye makuti ni bora kuliko ya mabati, hata kama ya mabati ndiyo ya kisasa. Inua sanduku juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Usizifunge ndani ya nailoni wakati wa mvua, kwani unyevu ukinaswa huzaa ukungu, na ukungu hukaa ndani ya mistari.

Mistari hiyo ndiyo muziki wenyewe. Sahani kubwa ina mstari mmoja tu kila upande, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati, na ukuta wa mstari huo una mawimbi ambayo sindano huyapanda na kuyashuka. Vumbi jekundu la huku kwetu likiingia humo, sindano hulisaga na kukwangua ukuta. Ndiyo maana usiipige sahani kabla ya kuisafisha. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale yauzwayo vituo vya petroli kwa ajili ya betri (maji, si asidi, soma chupa mara mbili), tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini. Fuata mzunguko, usikate mistari, usiloweshe karatasi. Ikiwa una zile nzito za zamani zinazovunjika kama kigae, za enzi ya Siti binti Saad aliyepelekwa Bombay kurekodi mwaka 1928, usizipake spiriti kamwe. Hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha.

Baada ya kusafisha, nakili. Kinanda chenye waya wa kompyuta kinatosha, na programu ya Audacity haina malipo. Hifadhi kwa muundo wa WAV, si MP3. Dakika moja hula kama megabaiti 10, basi sahani ndogo pande zote mbili haifiki megabaiti 100. Usiondoe mikwaruzo kwa programu. Weka kwanza nakala yenye mikwaruzo yake yote, kwa sababu mashine ikiondoa kelele huondoa na sehemu ya udi. Piga picha lebo pande zote mbili, uzihifadhi pamoja na sauti.

Suala la haki lazima lisemwe wazi, maana wengi wakishanakili hukimbilia kuweka mtandaoni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya rekodi hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Iliyorekodiwa 1973 ilimaliza muda mwisho wa 2023. Lakini utunzi ni kitu kingine: maneno na muziki hubaki vya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, mikononi mwa warithi. Mtunzi aliyefariki 1990, haki yake yadumu hadi mwisho wa 2040. Wajukuu wake huenda wako Kisauni au Mambrui na hawajui.

Nilivyoona mimi, kaunti ingeweza kuweka kinanda kimoja, kompyuta moja na kijana mmoja aliyefunzwa katika maktaba, watu walete sahani, zinakiliwe, warudi nazo nyumbani. Nairobi, Ketebul Music wamefanya kazi kubwa ya kukusanya na kutoa upya muziki wa zamani wa Kenya bila kungoja serikali. Pwani hatuna mfano wake.

Katika zile 22 za ami, nimeshanakili 17. Mbili zimepinda na ninazibana polepole kati ya vioo viwili kivulini. Tatu karatasi zake zimeliwa kabisa: moja ni ya chakacha yenye ngoma nzito na mwanamke anayeimba kwa Kiswahili cha Mombasa, na namba iliyokwaruzwa siifahamu. Mwenye wazee waliokuwa wakisikiliza sana miaka ya 1970 aniandikie kupitia wahariri. Nitampelekea sauti awasikilizishe.