Nyumba ya Afande: Laini au Ploti?

Kwa miaka mingi, konstebo aliyepangiwa kazi Nairobi angeweza kupata kona badala ya nyumba. Chumba kimoja cha laini ya polisi, yaani makazi yao ya serikali, kiligawanywa kwa shuka iliyoning'inizwa kwenye kamba: upande huu familia yake, upande wa pili mwenzake aliyetoka zamu ya usiku na anayetaka kulala. Watoto walijifunza kunong'ona mchana kweupe, na ugomvi wa mke na mume ukawa wa jumuiya. Penginepo polisi walikaa kwenye vibanda vya mabati vya mviringo. Saa saba mchana humo ndani ni tanuri.

Haikuwa siri. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, kikosi kazi cha jaji mstaafu Philip Ransley kilieleza mwaka 2009 jinsi makazi ya polisi yalivyokuwa duni. Novemba 2023, jopo la jaji mkuu mstaafu David Maraga nalo likakabidhi ripoti kuhusu maslahi ya polisi na askari magereza.

Katikati ya ripoti hizo mbili kulikuja mageuzi makubwa. Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba polisi watapewa marupurupu ya nyumba na kupanga mitaani, wakae na raia. Kwa wengi ilikuwa nafuu: mlango wako, ufunguo wako. Ila mtaani nako kuna mambo yake. Sare ikianikwa kambani, ploti nzima, yaani wapangaji wote wa ua huo, imejua anayeishi namba nne ni nani, na huenda jirani wa namba tano ana ndugu aliyekamatwa juzi.

Isitoshe, marupurupu ni pesa, si nyumba. Kodi ya nyumba zilizo karibu na kituo ikipanda, afisa husogea nje ya jiji. Wazimamoto wana shida hiyo hiyo: kituo kikuu cha Nairobi kiko Tom Mboya Street, na anayeitwa ghafla kutoka Ruai au Kitengela hana budi kupambana na msongamano wa magari kama abiria yeyote.

Sasa kuna mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Sheria ya Machi 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Nyumba za jamii zimelengwa kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Zile za bei nafuu ni za wanaopata kuanzia hapo hadi 149,000, na humo wamo polisi, wauguzi na wazimamoto wengi. Shilingi za afande zinakatwa kama za mwalimu.

Kasoro iko kwenye umiliki. Mnunuzi hutakiwa kuweka akiba kwanza, kisha alipe polepole kwa miaka. Afisa wa polisi naye hupokea barua ya uhamisho leo, wiki ijayo yuko Garissa. Nyumba aliyonunua Nairobi haipakiwi kwenye lori. Kinachomfaa zaidi akiwa kazini ni nyumba ya kupanga ya umma, yenye kodi inayolingana na mshahara, iliyo karibu na kituo, na ambayo akihama anamwachia anayekuja. Kuna pia swali la familia: afisa akifariki, mjane na watoto hutakiwa kuondoka laini, mara nyingi kabla hawajapata pa kwenda. Nyumba za kununua zingewafaa hao, mradi mkataba uwe umeandikwa mapema kwa jina la mke pia.