Utangulizi: Huduma ya Simu Ndani ya Windows XP

Ukiwasha kompyuta yenye Windows XP, kabla hujafungua chochote, tayari zipo programu zinazofanya kazi bila dirisha wala alama kwenye skrini. Hizo ndizo huduma. Fani yetu inaziuliza mambo matatu: nani huiamsha kila moja, yenyewe inamtegemea nani, na nani anaitegemea. Nimekuchagulia mlango wa huduma ya simu, ambayo mfumo huiita TapiSrv, kwa kuwa ni ndogo na majibu yote matatu yamo humo waziwazi.

Modemu za miaka ya 1980 zilipokea amri za maandishi kwa mtindo ulioletwa na Hayes: ATDT kupiga kwa toni, ATDP kupiga kwa mapigo. Kila kiwanda kiliongeza amri zake, na mwandishi wa programu ya faksi akalazimika kuzijua modemu moja moja. Mwaka 1993 Microsoft na Intel wakatoa TAPI, utaratibu unaoiwezesha programu kuomba simu ipigwe bila kujua kifaa kitakachoipiga. Katika XP, ombi hilo hupokelewa na TapiSrv, nayo hulikabidhi kwa faili linaloijua lugha ya kifaa husika. Kwa modemu za kawaida faili hilo ni unimdm.tsp. Utengano huu wa kazi ni mzuri mno, na ningependa kila mwanafunzi autafakari kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Mpangilio wenyewe unapatikana kwa kuendesha services.msc. Huduma inaweza kuanza yenyewe mfumo unapowaka, kuanza inapohitajika, au kuzuiwa kabisa. Katika rejista hali hizo zimeandikwa 2, 3 na 4. TapiSrv huja ikiwa na 3. Hapo ndipo wengi huteleza, maana hali hiyo kwenye skrini huitwa ya mkono, wakadhani lazima mtu aiwashe. Sivyo. Programu yenye ruhusa ikiihitaji, huiamsha.

Ya kuogopwa ni 4. Enzi za XP ushauri ulienea kwamba huduma "zisizo na kazi" zizuiwe ili kuokoa kumbukumbu. Mtu mwenye laini ya DSL, asiye na modemu ya kupiga simu, aliona TapiSrv haimhusu, akaizuia, na intaneti ikakatika. Sababu ni kwamba RasMan, huduma inayosimamia miunganisho ya PPPoE na VPN pamoja na ile ya kupiga simu, haiwezi kuanza bila TapiSrv. Mara nyingi alichokiona mtumiaji ni kosa namba 711 tu. Na kumbukumbu aliyoiokoa ilikuwa kidogo sana, kwani TapiSrv huishi pamoja na huduma nyingine ndani ya svchost.exe moja, ambayo ilibaki palepale.

Kwa hiyo sura ya kwanza haikufundishi kuzima, inakufundisha kuuliza. Andika sc enumdepend tapisrv, usome nani anaitegemea. Kisha sc qc tapisrv, usome yenyewe inamtegemea nani. Ukikuta imezuiwa, ingia kwa akaunti ya msimamizi uandike sc config tapisrv start= demand, na uache nafasi baada ya alama ya sawa, kwa sababu bila nafasi hiyo amri haitafanya kazi.